Viranja na Wasimulizi: Habari za Wanafunzi Wetu Tangu Kiungani Hata Shule za Kati



Katika kitabu hiki cha Jubilei mmekwisha kusoma habari za maaskofu na mapadre, na habari za makanisa yaliyojengwa kwa mawe na kwa matofali. Sisi, waalimu wazee tuliokwisha kustaafu, tumeagizwa kuandika habari za watu ambao majina yao hayakuchongwa katika jiwe lo lote. Hao ni wanafunzi waliopiga kengele alfajiri, walioshika funguo za ghala, waliowaongoza wenzao kwenda shamba na kurudi, na walioandika habari za shule na za vijiji ili wengine wazisome. Agizo hilo tumelipokea kwa furaha, lakini kwa hofu kidogo pia, kwa kuwa katika habari hizi limo jambo moja lisilotupa sifa sisi wenyewe. Tumeazimia kulisema mahali pake.

1. Neno kiranja

Mtoto wa shule leo akisikia neno kiranja, mara humfikiri mtu mwenye amri, aandikaye majina ya wapiga kelele na kuyapeleka kwa mwalimu. Lakini neno hili halikuzaliwa shuleni. Katika jando, kiranja ni yule kijana atanguliaye wenzake kutahiriwa. Yeye huuonja ukali wa kisu kwanza, na wenzake wanaongoja humtazama uso wake wapate kujua nao wasimameje. Heshima yake haikutoka katika fimbo, wala hakuteuliwa ili awapige wenziwe. Ilitoka katika kutangulia.

Kadhalika mkuu wa msafara katika siku za safari za bara. Huyo alikwenda mbele ya wapagazi, akakanyaga umande na miiba kabla yao, na njia ikipotea lawama ilikuwa yake. Basi waalimu wa kwanza walipotafuta wanafunzi wa kuwasimamia wenzao, watu wetu walikuwa wakijua tangu zamani maana ya kazi hiyo. Twawaomba wasomaji waishike maana hii, kwa kuwa tutairudia.

2. Watoto wa Kiungani

Mwaka 1864 Askofu Tozer aliihamishia Unguja misheni ya Vyuo Vikuu vya Uingereza, baada ya taabu nyingi na vifo katika bonde la mto Shire. Hapo Unguja alipewa watoto watano waliotolewa katika utumwa. Mmoja wao alikuwa John Swedi, ambaye mwaka 1879 alifanywa shemasi. Watoto hao na wengine waliowafuata ndio walioijaza shule ya Kiungani, kusini ya mji, karibu na pwani. Wasichana walikuwa na shule yao Mbweni, ambako Bibi Caroline Thackeray alianza kazi mwaka 1877, na baadhi yao wakawa waalimu wa wenzao.

Twapaswa kukumbuka jinsi watoto hao walivyokuwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwezi wa Juni mwaka 1873, lakini biashara haikukoma siku ile, na kwa miaka mingi baadaye majahazi yalizidi kukamatwa baharini. Mtoto aliyeshushwa katika jahazi huenda alikuwa Myao, au Mmakua, au Mnyasa. Huenda alikuwa amesahau jina la kijiji chake. Hakuwa na mjomba wa kumletea habari za nyumbani, wala shangazi wa kumwambia nani amezaliwa na nani amekufa. Aliyelala kitanda cha pili alikuwa mtu wa kabila jingine na lugha nyingine. Kilichowaunganisha kilikuwa Kiswahili, na sheria za nyumba moja.

Katika nyumba ya namna hiyo uongozi wa wanafunzi haukuwa pambo. Waalimu kutoka Ulaya walikuwa wachache, tena homa iliwaua wengi. Ilikuwa lazima wakubwa wawafundishe wadogo kusoma, kufua nguo, kula pamoja bila kugombana, na kumwuguza aliye mgonjwa. Aliyekuja jana alifundishwa na aliyekuja mwaka jana. Kwa njia hiyo wengi walijifunza ualimu kabla hawajaitwa waalimu.

Tena palikuwapo mtambo wa kupiga chapa. Dk. Edward Steere, aliyekuwa Askofu tangu mwaka 1874 hata alipokufa mwaka 1882, aliutumia tangu siku za mwanzo, akawafundisha vijana kupanga herufi za risasi moja moja. Kitabu chake kidogo cha lugha ya Kishambala kilipigwa chapa Unguja mwaka 1867. Kijana apangaye herufi hujifunza jambo ambalo msomaji wa kawaida halijui: kwamba kosa dogo la mkono wake litasomwa na watu mia, nao hawatamwona ili awaeleze alikuwa na nia gani.

Mwaka 1887 kilitokea London kitabu kiitwacho Kiungani. Ndani yake zimo habari ambazo wanafunzi wenyewe waliziandika juu ya maisha yao: walikotoka, walivyokamatwa, njia waliyopita, na jinsi walivyofika pwani. Aliyezitafsiri ni A. C. Madan, yule aliyetunga baadaye kamusi za Kiswahili. Kwa hiyo wanafunzi wa Kiungani walikuwa wameanza kuandika habari zao kabla gazeti lo lote la Kiswahili halijatokea.

3. Msimulizi

Mwaka 1888 gazeti likatokea, nalo liliitwa Msimulizi. Lilipigwa chapa pale Kiungani, nalo lahesabiwa kuwa gazeti la kwanza la Kiswahili. Halikuwa gazeti la wafalme na mawaziri. Lilileta habari za vituo vya misheni na za shule zao: nani amefika, nani amehamishwa, nani ameoa, nani amefariki, watoto wangapi wamebatizwa, mchezo wa kriketi au wa mpira ulikwendaje. Walioliandikia ni wanafunzi, na waalimu waliokuwa wanafunzi jana, na waliolisoma ni hao hao.

Mtu aweza kuuliza, Je, habari ndogo kama hizi zina faida gani? Twajibu kwa kuwakumbusha wasomaji hali ya nchi wakati ule. Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na watu waliotoka utumwani, waliokwenda huko pamoja na Askofu Steere. Mwaka 1882 Wamagwangwara waliishambulia, watu wakatawanyika, na wengine wakachukuliwa mateka. Tena mwaka ule ule gazeti lilipoanza, pwani yote iliwaka moto kwa vita vya Abushiri na Wajerumani, vilivyoendelea hata Abushiri aliponyongwa mwezi wa Desemba mwaka 1889. Mwalimu aliyekuwa Newala hakujua kama rafiki yake wa Magila yu hai. Wa Magila hakujua kama Unguja bado wanafunzi wanasoma. Basi karatasi zile zikasafiri, kwa jahazi na kwa vichwa vya wapagazi, nazo zikasema: fulani yuko, ni mzima, shule yake ina watoto kadha wa kadha.

Kwa watu wasio na ukoo, habari hizo zilikuwa ukoo. Yule mtoto aliyeshuka jahazini hana mjomba, sasa alikuwa na jina lililotajwa hata pande za ziwa Nyasa. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtoto wa Kiungani, alikwenda Chitangali katika nchi ya Wayao, na mwaka 1890 akawa padre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Wenzake waliobaki pwani waliweza kujua kazi yake inakwendaje bila kungoja aje mgeni. Twaona hapa kwamba kiongozi hakupelekwa mbali na kusahauliwa. Alikwenda mbele, lakini macho ya wenzake yalimfuata. Jambo hilo lilimpa moyo, tena lilimwonya, kwa maana kazi yake ilisimuliwa iwapo nzuri au mbaya.

Gazeti la Msimulizi halikudumu miaka mingi. Lakini kabla ya karne ya 19 kwisha, Magila katika nchi ya Wabondei nayo ilikuwa na gazeti lake, Habari za Mwezi, na desturi ya kusimulia ikaendelea.

4. Tanga na baada ya Tanga

Tusijisifu kana kwamba shule za misheni peke yake zilifanya kazi hii. Serikali ya Wajerumani ilianzisha shule Tanga katika miaka ya 1890, shule isiyofundisha dini, ambamo watoto wa Kiislamu na wengine walisoma pamoja. Nao wakafundishwa kupiga chapa. Tangu mwaka 1904 gazeti la Kiongozi lilitoka katika shule hiyo, hata vita vilipolizima mwaka 1916. Wasomaji wasilichanganye na gazeti la Kiongozi la ndugu zetu Wakatoliki, lililokuja miaka mingi baadaye. Waalimu na makarani waliosoma Tanga walitawanywa katika miji mingi, nao wakaandika kutoka huko habari za mvua, za njaa, za simba, za bei ya vitu, na za watu kuhama na kuhamia. Jina la gazeti latufundisha kitu: hawakuona tofauti kubwa baina ya kuongoza na kupasha habari.

Vita vya mwaka 1914 hata 1918 viliziumiza sana shule zetu. Kwa kuwa misheni yao ilikuwa ya Waingereza, waalimu na mapadre wengi wa Kiafrika walifungwa na Wajerumani, wakapata mateso. Vita vilipokwisha, vijana wa shule hizi za kale walionekana tena katika kazi mpya. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni na kusoma Kiungani, aliongoza mwaka 1922 pale Tanga chama cha watumishi wa Serikali wa Kiafrika, ambamo Wakristo na Waislamu walikutana pamoja. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya halmashauri ya Bunge la Uingereza, ilipotafutwa shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mtu aliyezoea tangu utoto kutoa hesabu ya mambo ya nyumba yake hakuona haya kuitoa mbele ya Bunge.

Mwaka 1923 Serikali ya Waingereza ilianza kutoa Mambo Leo kutoka Dar es Salaam. Wengi wetu tulijifunza kusoma kwa nakala zake zilizochakaa mikononi mwa baba zetu. Wakati huo Chuo cha Mtakatifu Andrea kilikuwa kikitoka Kiungani, na tangu mwaka 1925 makao yake yakawa Minaki, karibu na Kisarawe.

5. Shule za kati

Sasa twafika katika siku tulizoziona kwa macho yetu. Serikali ya Tanganyika ilifanya mpango wa elimu wa miaka kumi, ulioanza mwaka 1947. Kwa mpango huo darasa la kwanza hata la nne ziliitwa shule za msingi, na darasa la tano hata la nane ziliitwa shule za kati. Katika miaka ya 1950 shule za kati zilienea, nyingi zikiwa mikononi mwa misheni kwa msaada wa fedha za Serikali. Palikuwa na mtihani mkali mwishoni mwa darasa la nne, na walioshindwa walikuwa wengi kuliko waliopita. Aliyeingia shule ya kati alijua ya kuwa nyuma yake wamebaki ndugu zake waliomlipia karo kwa kuuza mbuzi au pamba.

Shule ya kati ilikuwa kama kijiji. Palikuwa na mabweni, shamba la shule, zizi, bustani ya mboga, jiko na ghala, maana ilikusudiwa wanafunzi wafunzwe kilimo pamoja na masomo. Kengele yetu ilikuwa chuma cha gurudumu la gari kilichoning'inizwa katika mwembe. Alikuwapo kiranja mkuu, na chini yake kiranja wa kila bweni, kiranja wa usafi, kiranja wa shamba, na kiranja wa ghala. Kila mmoja alikuwa na daftari lake. Kiranja wa bweni aliandika wagonjwa. Kiranja wa shamba aliandika matuta yaliyolimwa na mavuno yaliyoingia. Kiranja wa ghala aliandika magunia ya unga na ya maharage, yaliyoingia na yaliyotoka.

Tena palikuwapo ubao wa habari, uliotundikwa ukutani mahali pa kulia chakula. Viranja waliteuliwa na waalimu, lakini mwandishi wa ubao alichaguliwa na wanafunzi wenyewe kila muhula. Kazi yake ilikuwa kuyapitia madaftari ya viranja kila Jumamosi, na kuandika kwa hati nzuri habari za juma: mvua iliyonyesha kwa kipimo, wagonjwa wangapi, mchezo wa mpira, barua zilizoleta habari ya msiba kwa mwenzetu, na chakula kilichobaki. Siku ya Jumapili baada ya ibada watu wa kijiji waliokuja kusali walipita kusoma, na wasiojua kusoma walisomewa na watoto wao. Kwa njia hiyo kijiji kilijua shule inaendeleaje, na shule ikajua kwamba inatazamwa.

6. Hesabu ya magunia

Hapa ndipo mahali pa lile jambo tulilosema mwanzoni. Jina la shule hatulitaji, wala majina ya watu.

Mwaka mmoja mvua za vuli zilikosa, na unga ukawa haba. Kila Jumamosi ubao ulionyesha magunia yaliyosalia, nasi tuliyahesabu kwa macho kama wasafiri wahesabuvyo maji. Ubao ulisema magunia kumi na mawili. Jumatatu mpishi alipoingia ghalani aliyakuta manane. Kelele zikatokea. Mwalimu wa zamu aliuliza nani walionekana karibu na ghala usiku, na watoto watatu wa darasa la tano wakatajwa, kwa sababu walikuwa wametoka bwenini kwenda chooni. Walipigwa viboko mbele ya shule nzima. Walikana, wakaongezwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyekubali kula nao sahani moja, na mmoja wao baba yake aliitwa kutoka kijijini, akasimama mbele ya waalimu ameshika kofia mkononi.

Mwandishi wa ubao alikuwa kijana mpole wa darasa la saba. Jumamosi iliyofuata aliliomba daftari la ghala kama desturi, akakaa nalo muda mrefu. Akaona kwamba kwa majuma matatu kila hesabu ilikuwa imeandikwa kwa wino ule ule na mkono ule ule, bila kufutwa wala kurekebishwa, kana kwamba kurasa zote ziliandikwa siku moja. Hakupiga kelele, wala hakwenda kwa mwalimu. Alimwendea kiranja wa ghala akamwuliza, Je, ndugu, uliyahesabu?

Kiranja hakuwa ameyahesabu. Ghala lilikuwa na giza na panya, naye alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa darasa la nane. Basi aliketi kitandani, akakadiria kwa akili unga upikwao kila juma, akaandika kurasa tatu kwa mara moja. Hakukadiria sawasawa. Hakuna aliyeiba gunia hata moja. Unga ulikuwa umeliwa na sisi sote, na hesabu ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Mwandishi akasema, Mimi nitaandika ubaoni magunia manane. Lakini habari ya watoto wale siwezi kuiandika mimi, kwa kuwa si mimi niliyekosa. Kisha akaiacha chaki juu ya meza akaondoka.

Kiranja yule alikaa na chaki ile hata usiku. Aliwaza kwamba atavuliwa cheo, na huenda atafukuzwa mtihani ukiwa umebaki miezi miwili, na mbuzi wa baba yake watakuwa wameuzwa bure. Aliwaza pia kwamba akinyamaza hakuna atakayejua, kwa kuwa mwandishi hakuwa mtu wa kusema. Alfajiri, kabla ya kengele, aliandika ubaoni maneno haya au mfano wake: Magunia hayakuibwa. Kiranja wa ghala hakuhesabu kwa majuma matatu. Watoto wale watatu hawakuiba. Chini yake aliandika jina lake.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, na kijiji chote kilisoma. Alivuliwa cheo, akapewa kazi ya kuchimba shimo la taka, lakini hakufukuzwa. Mwalimu aliyewapiga watoto wale aliwaita mbele ya shule akawaomba radhi, jambo ambalo hatujapata kuliona kabla ya siku ile. Yule mtoto ambaye baba yake aliitwa, baba yake alikuja tena kwa miguu, akasimama mbele ya ubao, akamwambia mwanawe amsomee mara mbili.

Mmoja wetu sisi tuandikao makala hii ndiye aliyekuwa kiranja yule. Ameomba jambo hili lisifichwe, kwa kuwa katika miaka arobaini ya ualimu wake halikumtoka moyoni. Asema hivi: kutoa amri aliweza tangu siku ya kwanza alipopewa ufunguo, ila ukiranja wenyewe, yaani kutangulia mahali penye maumivu, aliuanza alfajiri ile aliposhika chaki.

7. Yaliyopotea na yaliyobaki

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 mpango wa elimu uligeuzwa. Darasa la nane likaondolewa, elimu ya msingi ikawa ya miaka saba, na shule za kati zikakoma katika miaka ya 1960. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule ziwe jamii zenye mashamba, na wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya shamba lao. Wengi wetu tuliosoma shule za kati tuliitambua sauti hiyo. Kisha kwa sheria ya mwaka 1969 shule za misheni ziliingia mikononi mwa Serikali. Twakiri kwamba watoto wengi zaidi walipata elimu kwa njia hiyo kuliko katika siku zetu, ambapo mtihani wa darasa la nne uliwafungia mlango ndugu zetu wengi.

Lakini katika kuhamahama kule, madaftari mengi yalipotea. Tumeona kwa macho yetu daftari la wagonjwa likifungiwa karanga sokoni. Tumeona kabati la habari za shule likiliwa na mchwa. Mtu atakayeandika historia ya sehemu zetu atapata barua za maaskofu katika maktaba za Ulaya, lakini hatapata kwa urahisi jina la kijana aliyepima mvua kila asubuhi kwa miaka miwili.

Kwa hiyo tuna maneno machache kwa waalimu na kwa jamaa wa parokia.

Kwanza, ninyi waalimu, mnapomteua kiranja msimpe fimbo tu. Mpeni daftari, na mpeni siku ya kulisoma mbele ya wenzake. Kiranja aliye na fimbo bila daftari huwa mdhalimu mdogo. Aliye na daftari hujua kwamba yeye naye anahesabiwa.

Pili, waacheni wanafunzi wamchague wenyewe mwandishi wa habari zao, wala msimwambie aandike mambo mazuri tu. Shule ambayo ubao wake wasifu kila siku, wanafunzi wake hujifunza kudanganya. Tena mjihadhari na kuhukumu upesi. Watoto watatu walipigwa kwa sababu ya namba ambayo hakuna aliyekwenda kuihakikisha, na waliotosha kuihakikisha tulikuwa wengi.

Tatu, ninyi wazee na akina mama wa parokia, mlio na barua za zamani, vyeti vya darasa la nne, picha za timu za mpira, na madaftari ya shule, msiyatupe. Yaleteni ofisini kwa padre yaandikwe na kuhifadhiwa. Msiseme ni mambo madogo. Msimulizi ulikuwa na mambo madogo, nao ndio utuonyeshao leo jinsi watoto wasio na kwao walivyopata kuwa jamaa moja.

Ndugu zetu, Jubilei ni wakati wa kushukuru, tena ni wakati wa kutoa hesabu. Twamshukuru Mungu kwa ajili ya watoto wa Kiungani na wa Mbweni, kwa ajili ya waliopanga herufi za risasi na waliobeba magazeti vichwani, na kwa ajili ya kijana yule wa darasa la saba aliyeiacha chaki mezani. Yeye alifariki zamani, nasi tulikuwapo kaburini pake. Ubao wa shule ile haupo tena, lakini ukuta uliotundikwa bado umesimama, na matundu mawili ya misumari yaonekana.